Kabati la Mzee Ndaki na mlango wa Justina

Saa tatu asubuhi, Bariadi mjini. Masalu Bujiku amebana bega la kulia kwenye mgongo wa kabati la vyombo, shavu limegusa mbao, na anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Rudi. Rudi kidogo. Simama hapo."

Mwenzake, Marcelo, anarudi. Kabati halirudi. Limekwama kwenye fremu ya mlango wa mbele kama ng'ombe aliyegomea josho.

Mwenye nyumba, Mzee Ndaki, mkulima wa pamba ambaye msimu huu umemkalia vizuri, ameketi kivulini anatazama. Seremala aliyelitengeneza kabati hamlaumu hata kidogo. Anamlaumu mbebaji.

"Wewe si ndiye wanakuita fundi wa kupitisha? Basi pitisha."

Masalu anaacha kusukuma. Kosa alikwishaliona tangu kabati lilipokuwa linapakiwa kwenye guta. Kina chake ni inchi thelathini, na uwazi wa mlango ni inchi ishirini na nane. Hapo hata ungeita ukoo mzima uje kusukuma, halipiti.

"Huku kwetu mtu akiagiza kabati anapima ukuta litakaposimama," ananiambia. "Mlango hapimi mtu. Ukimshauri lifungwe kwa nati ili lifunguke, anakwambia hilo ni kabati la mpangaji, yeye ana kwake. Basi linapigwa gundi na misumari, linakuwa kitu kimoja. Likishakwama ndiyo tunaitwa sisi."

Masalu ana miaka 46, na kazi hii ameifanya kumi na tisa. Alitoka Nassa akiwa kijana wa kusukuma mkokoteni, mpaka maseremala walipogundua kwamba ana jicho. Akiutazama mlango mara moja anajua kama sofa itaingia kwa kutanguliza mkono au miguu, kama kitanda kilazwe ubavu, kama bawaba zing'olewe kwanza. Pamba ikishauzwa anaitwa nyumba nne hata tano kwa siku. Miezi mingine wiki inapita mikono mitupu. Kwa kabati moja anapata shilingi elfu kumi, na hiyo anagawana na Marcelo.

Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, linaonekana hata akiwa amevaa shati. Zahanati walimwambia alipumzishe. "Nikalipumzishie wapi?" anauliza, na hangoji jibu.

Lakini bega silo linalomuuma zaidi. Kinachomuuma kiko nyumbani, kwenye chumba cha kupanga anachoishi na mkewe, Justina.

Miaka miwili iliyopita Justina alipata kiharusi, miguu ikakosa nguvu. Mwezi wa tatu mwaka huu waumini wa parokia yao walichangishana, wakamchomeleshea kiti cha magurudumu kwa fundi wa hapa hapa mjini. Ni kiti imara, lakini hakikunjiki, na upana wake ni inchi ishirini na sita. Mlango wa chumba ni inchi ishirini na nne.

Kwa hiyo kiti kinalala barazani, kimefungwa mnyororo kwenye nguzo, na Justina analala ndani. Kila asubuhi kabla ya kazi, Masalu anambeba mgongoni kumpeleka chooni, kisha anamrudisha. Akichelewa kurudi mchana, mke anangoja.

"Kabati nalilaza, naligeuza, natanguliza miguu," anasema. "Mke wangu nimgeuzeje?"

Mara mbili amemwendea mwenye nyumba wake kuomba mlango upanuliwe, kwa gharama zake mwenyewe. "Alinijibu vizuri tu, bila hasira. Akasema, nikivunja ukuta kwa ajili ya mgonjwa, mkihama nani atapanga chumba cha mgonjwa?"

Kwa Mzee Ndaki mambo ni mepesi. Mzee anatoa simu mfukoni na kumwita fundi mwashi, Januarius, ambaye anafika na nyundo na tindo. "Vunja," anaambiwa. Basi. Hakuna kikao wala kubembelezana. Kabla ya saa sita fremu imeng'olewa, ukuta umekatwa nusu futi, na kabati linaingia limesimama wima kama bwana harusi.

Mke wa Mzee Ndaki anapitisha kitambaa kwenye vioo vya kabati. Masalu hata jasho hajafuta. Anautazama ukuta uliokatwa, halafu anamgeukia Januarius.

"Kupanua inchi tano tu, ni kazi ya siku ngapi?"

"Siku? Nusu siku hiyo. Si umeona mwenyewe."

Masalu anacheka, kicheko ambacho usingependa kukisikia mara ya pili.

"Sina kijicho na kabati la mtu," anasema tukiwa njiani kwenda kwake. "Jasho lake, pamba yake. Lakini sahani zimevunjiwa ukuta, mwandishi. Mke wangu ameambiwa angoje."

Justina yuko kwenye godoro, amesogea karibu na mlango kadiri alivyoweza. "Mwadila," anatusalimu kwa Kisukuma, na kujitengeneza khanga. Binti yao wa pekee, Winnie, ameolewa Malampaka na huja mara moja kwa mwezi. Ninapomuuliza angependa nini, Justina hazunguki.

"Choo kile pale, hatua kumi na mbili. Nataka kwenda bila kumsubiri mwanamume atoke kazini. Mengine nitayataka baadaye."

Masalu anamweleza kwamba amekubaliana na Januarius. Jumapili hii, misa ikiisha, watapanua mlango, ruhusa iwepo isiwepo. Saruji mfuko mmoja tayari iko chini ya kitanda.

"Baba Winnie, atatutoa," Justina anasema.

"Najua."

"Kodi tumelipa mpaka mwezi wa kumi na mbili."

"Najua, Mama Winnie."

Namuuliza kama nilifiche jina lake gazetini, maana mwenye nyumba huenda akasoma kabla ya Jumapili. Anatikisa kichwa.

"Andika Masalu Bujiku. Aje atufukuze, nyumba ni yake. Lakini siku hiyo mke wangu atatoka ameketi kwenye kiti chake, watu wanamwona, anaendesha mwenyewe."