Bitutu Anayewanyang'anya Kalamu Wenye Digrii

Saa kumi alasiri. Majani ya leo yamekwisha kupimwa, wachumaji wanapanda kilima kurudi Kambi ya Tatu, makazi ya wafanyakazi wa kampuni ya chai, vikapu vitupu mgongoni, na Bitutu Nyang'au amesimama katikati ya njia akiwazuia watu wenye digrii wasipite.

"Kalamu," anasema, akitanua mdomo wa kiondo chake.

Kalamu zinaingia moja moja. Madaftari yanafuata. Kipkosgei, kijana mrefu wa Siongiroi, anajaribu kupita na penseli nyuma ya sikio. Bitutu anamtazama tu. Penseli inashuka.

Mwandishi wa habari hizi amesimama nyuma yao akijihesabu mgeni wa heshima. Heshima gani! "Na wewe baba wa gazeti, weka yako. Ama wewe umetoka mbinguni?" Basi haya yote unayosoma yalibebwa kichwani hadi jioni, na kama kuna kosa, kamuulize mama huyo.

Bitutu ni mfagiaji. Ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka minane amefanya kazi katika Chuo cha Mwangaza, chuo cha binafsi kilichoko kando ya barabara ya Kericho kwenda Londiani. Asubuhi anafagia madarasa manane. Saa nne anapikia walimu chai. Alasiri anawafunza kazi vijana waliokwisha kumaliza chuo kikuu na ambao sasa wanasomea diploma ya ustawi wa jamii.

Hakuna aliyepanga iwe hivyo, hata mwenye chuo.

Mwenye chuo ni Naftaly Muturi, mzee mcheshi mwenye koti la sweta lililotoboka viwiko. Alikuja Londiani kuuza viazi na mwaka wa 1963 akageuza stoo yake ya viazi kuwa darasa. Alikuwa na wanafunzi kumi na wanne na mashine tatu za kupiga chapa, moja ya kuazima. "Watu walicheka sana," anasema. "Walisema Muturi sasa anapanda makarani." Leo, mwaka wa 1976, wanafunzi ni mia mbili na thelathini, na stoo ile ndiyo jikoni ya chuo. Ukiinama karibu na mlango bado inanuka viazi.

Miaka miwili iliyopita chuo kilifungua mafunzo ya wenye digrii. Wanasoma mwaka mmoja, nusu darasani na nusu nyumbani kwa watu, wakijifunza kusaidia familia zenye ugonjwa, uzee, ugomvi au kufiwa. Mwaka huu wako kumi na watatu.

Kundi la kwanza, lile la 1974, lilitumwa Kambi ya Tatu na fomu zilizopigwa chapa vizuri. Lilikwenda saa nne asubuhi, wakati kila mwenye nguvu yuko kwenye chai. Siku ya pili likarudi jioni, likabisha hodi nyumba sitini na kuuliza kila mlango: "Hapa wanalala watu wangapi?"

Sasa, kila mtu wa kambi anajua sheria. Nyumba ya kampuni ni ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao. Mwingine yeyote lazima awe na barua ya ruhusa ya meneja. Mgeni akija na karatasi anahesabu watu, huyo katumwa na nyapara, hata avae viatu vya namna gani. Nyumba sitini zikatoa jibu moja: ni sisi tu na watoto wetu.

Wasomi wakaandika ripoti ya kurasa kumi na nane. Walisema Kambi ya Tatu haina mzee hata mmoja, kwa hiyo haina shida za wazee.

Bitutu aliiokota ripoti hiyo kwenye karatasi zilizoharibika za kuwashia moto. Kwa kuwa aliishia darasa la nne na ripoti ilikuwa ya Kiingereza, alimwomba karani amsomee. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikaisha. Akachukua ufagio wake, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Muturi.

"Nilimwambia, Mwalimu, mama mkwe wangu ako wapi?" anakumbuka. "Yeye anakaa Kambi ya Tatu miaka sita. Hawa watoto wako wameua yeye na kalamu."

Muturi anasema hakulala vizuri siku hiyo. Kesho yake alimwomba Bitutu awatembeze wanafunzi, mara moja tu. Mara moja hiyo haijaisha mpaka leo.

Masharti ya Bitutu hayajaandikwa mahali, lakini wanafunzi wanayakariri kama sala. Wiki ya kwanza mnachuma chai pamoja na watu, majani mawili na chipukizi, mpaka kucha ziwe nyeusi. Hamwendi kambini kabla majani hayajapimwa. Hamwingii na karatasi. Kazi ikiwa inafanyika, mnaifanya. Mkipewa chakula, mnakula.

"Na watu hawaulizwi wako wangapi," anasema. "Angalia vikombe."

Katika kambi hii kila mtu ana kikombe chake cha bati, na kila kikombe kina msumari wake ukutani. Vikombe havijui kuogopa nyapara.

Siku hii Kipkosgei anaingia nyumba ya mchumaji mmoja mjane. Hodi anaibisha kwa sauti, kisha anarudi hatua mbili nyuma, alivyofundishwa, ili mwenye nyumba amwone mzima kabla ya kufungua. Ndani kuna mahindi chini. Anakaa, anaanza kupukuchua. Inapita nusu saa wakizungumza juu ya kuku aliyekataa kulalia mayai. Vikombe ukutani ni vitano; mama na watoto wake ni wanne. Kisha mama mwenyewe, bila kuulizwa, anasema dada yake mgonjwa yuko nyuma ya pazia na hajala tangu juzi.

Kipkosgei haendi mbio. Anamaliza gunzi lililoko mkononi, halafu anaomba ruhusa kumsalimia mgonjwa. Asubuhi iliyofuata dada huyo alipelekwa hospitalini kwa gari la chuo.

"Mimi nilisoma miaka mitatu Nairobi," Kipkosgei anasema njiani, akinyoosha vidole vilivyochubuka. "Hakuna mtu aliniambia nirudi nyuma hatua mbili."

Ndiyo maana barua ya Machi iliwauma wote. Bodi inayotambua diploma za chuo iliandika kwamba kuanzia Januari, yeyote anayesimamia mafunzo ya nje lazima awe na angalau cheti cha kumaliza shule ya msingi. La sivyo, siku zote ambazo wanafunzi wamekaa naye kambini hazitahesabiwa.

Bitutu hana cheti. Muturi alisafiri kwenda kuwaeleza, akarudi na jibu lile lile. "Nilikasirika sana," anasema, akimwita Bitutu kwa jina la bintiye. "Mama Phelis ndiye mwalimu bora niliye naye, na nilitakiwa nimwambie arudi kwenye ufagio peke yake."

Alipoambiwa, Bitutu aliuliza mtihani ni lini.

Mtihani ni Novemba. Atakaa dawati moja na watoto wa darasa la saba, akiwemo binti yake Phelis, ambaye kwanza aliona aibu na sasa anamfokea mama yake akikosea. Kiingereza kinapanda polepole. Hesabu ndiyo adui, hasa sehemu, zile nusu na robo. Kila Jumamosi mmoja wa wanafunzi, Wanjuhi, mwenye digrii na subira nyingi, anakuja nyumbani kwa Bitutu kumfundisha.

"Yeye ananishika mkono kwa sehemu, mimi namshika kwa watu," Bitutu anasema. "Tuko sawa."

Jumamosi moja ya Juni, Wanjuhi alileta pia fomu ya bodi ya wasimamizi. Jina, umri, kazi. Bitutu alijaza mwenyewe, kwa fahari, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Akafika pale panapouliza watu wanaoishi nyumbani kwako. Akaandika: watatu. Yeye, mumewe Makori anayefanya kazi katika kiwanda cha chai cha kampuni, na Phelis.

Wanjuhi alisoma. Akainua macho ukutani.

Kwenye misumari vilining'inia vikombe vinne. Cha nne kimefungwa kitambaa kwenye kishikio, maana bati likipata chai huwaka, na vidole vya mama mkwe, Mokeira, siku hizi havivumilii moto. Mokeira mwenyewe alikuwa kitandani, pazia limefungwa, alivyozoea kukaa mchana kutwa tangu alipofiwa na mumewe na kuja kambini bila barua.

"Ee, niliona haya!" Bitutu anasema, akijifunika uso kwa leso mpaka leo. "Mimi mwenyewe! Mimi nachukua kalamu za watu, halafu nikishika yangu namuua huyu mama mara ya pili. Mkono uliandika wenyewe, ukiogopa."

Alilia kidogo. Halafu akakata watatu, akaandika wanne.

Lakini karatasi ikishaandikwa haijulikani itafika wapi. Bitutu na Makori waliamua kwamba meneja wa shamba asikie kwao kabla hajasikia kwingine. Jumatatu walivaa nguo za kanisani, wakaenda ofisini kwake. Wangeweza kufukuzwa nyumbani wiki hiyo hiyo.

"Alipiga kelele," Makori anasimulia. Ni mtu wa maneno machache. "Aliuliza, miaka minane, na nyapara alikuwa wapi?"

"Nikamwambia nyapara alikuwa kwangu anakula," Bitutu anadakia. "Kila Jumapili. Na Mokeira ndiye anapika ile mboga ya chinsaga anayopenda."

Meneja aligeukia dirishani. Makori anaapa kwamba alikuwa anaficha kicheko. Waliondoka na barua yenye muhuri. Mama mzee akae. Tangu hapo, nyumba kumi na moja zimepeleka majina ya wazee wao, na zote kumi na moja zimepata barua. Kambi isiyokuwa na wazee imejaa wazee.

Tunawakuta wazee hao milangoni jioni, tukirudi kutoka nyumba za watu. Pazia la nyumba ya Bitutu limefungwa kando na mlango uko wazi. Mokeira ameketi nje juani, miguu imenyooshwa, anachambua mboga na kumsengenya kila apitaye. Amekuwa mweusi zaidi kwa jua, Bitutu anasema, na mnene.

Novemba ikienda vizuri, Bitutu ataanza Januari kama msimamizi kamili, na Muturi amekwisha kumtengea meza katika chumba cha walimu anachokifagia. Yeye ana mpango mwingine kwanza. Anataka kila kundi jipya lianze mafunzo hapa mlangoni, mbele ya Mokeira, kabla ya kuingia darasani. Na akianguka mtihani?

"Nitarudia mwaka ujao. Phelis hatakuwepo, kwa hivyo hakuna mtu wa kunifokea."

Mokeira anauliza jambo kwa Kikisii, akimwelekezea mgeni kidole. Bitutu anacheka, anaingiza mkono kwenye kiondo, anaitafuta kalamu ya mwandishi huyu katikati ya kumi na tatu nyingine, anampa pamoja na daftari.

"Anauliza kama amekwisha kuandikwa. Haya, sasa andika. Mokeira. Kambi ya Tatu, nyumba ya arobaini na moja. Andika anaishi hapa."

Ikaandikwa. Mama mzee aliomba aonyeshwe, akaweka kidole juu ya jina lake asiloweza kulisoma, akakiacha hapo kitambo. Halafu akasema kitu kingine, na Bitutu akakitafsiri.

"Andika pia ile kikombe ya kitambaa ni yake."