Mkono wa Kwanza kwenye Viwavi wa Marsiana

Zamani aliyekupikia alikula kwanza mbele ya macho yako ndipo nawe ukanyoosha mkono. Siku hizi tunafungua chupa iliyozibwa na mtu tusiyemjua, katika mji ambao hatujawahi kuufikia, tukanywa mpaka tone la mwisho bila kumshuku mtu.

Huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji mpaka Kagunga, ilikuwa sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Mwenye pombe alipiga funda la kwanza. Mwenye chungu alimega tonge la kwanza, akatafuna, akameza, na wageni wakatazama koo lake likishuka. Halikuwa tusi. Watu walikuwa wanaogopana, na walikuwa na sababu, basi wakatafuta namna ya kuogopana kwa heshima. Vijana wananiambia, Mzee, huo ni ushirikina. Nawatazama wanavyokula soseji, na hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia mle ndani mna nyama ya nini.

Mtu wa mwisho niliyemwona akiishika sheria hiyo bila kuyumba ni Marsiana, mama yake Elida, muuza viwavi wa Kibirizi.

Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo akiwa bado mgongoni, wakajenga Ujiji, ukuta kwa ukuta na sisi. Aliolewa na mvuvi, akazika watoto wawili wachanga, akampata Elida, kisha akamzika na mume. Marehemu alikuwa na rafiki mmoja wa kweli, Dismasi, mwenye boti ya kubeba mizigo ya Kalemie, ng'ambo ya Kongo. Baada ya matanga Dismasi alishusha gunia la viwavi wakavu mlangoni kwa mjane, akamwambia, shemeji, usikae kulia, jaribu biashara hii.

Kwa asiyewajua, viwavi hao huokotwa kwenye miti ya misitu ya ng'ambo, wakachemshwa na kuanikwa mpaka wakawa wagumu kama vijiti. Marsiana aliwaloweka kwenye maji ya moto, akawaosha mchanga, akawakaanga kwa mawese, kitunguu na pilipili. Harufu yake ilikuwa kati ya samaki wa moshi na majani yaliyolowa. Pembeni yake alikaa Shukrani, mwenzake wa siku zote, akiuza kwanga, ule mkate wa muhogo uliovundikwa na kufungwa kwenye majani, ambao uchachu wake hukupanda puani kabla hujaufungua. Vyakula hivyo havikupokei siku ya kwanza. Mimi, Muha niliyelelewa kwa maharage na kumbikumbi, mara ya kwanza nilitema nyuma ya boti. Mara ya pili nilimeza. Mara ya tatu nilishtukia miguu imenipeleka yenyewe.

Kila alipokuja mteja mgeni, Marsiana alichagua kiwavi mmoja kutoka sahani ile ile, akamtafuna, kisha akafungua mdomo kumwonyesha kwamba umebaki mtupu.

"Nimetangulia," alikuwa akisema. "Nikianguka, kimbia."

Wabebaji walicheka kila mara kama vile hawajapata kuyasikia maneno hayo.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Mengine nimejisomea kwa taa ya mafuta, hata magazeti yaliyofungiwa sukari. Nimesoma kwamba kuna nchi ya barafu wanakomzika papa mpaka anuke, ndipo wamle. Kuna kisiwa wanakula jibini yenye funza wanaotembea. Kuna watu wa kaskazini wanaochachusha samaki ndani ya kopo mpaka kopo linavimba, na wanalifungulia nje ya nyumba kwa ajili ya harufu. Hao wanaitwa watu wenye utamaduni, na wageni wanapanda ndege kwenda kuonja. Marsiana aliitwa mchafu na watu waliohamishiwa hapa kikazi, waliompita wameziba pua huku wakinunua biskuti zisizo na ladha yoyote.

Mmoja wa hao waliohamishiwa hapa hakuziba pua. Aliitwa Noel, kijana kutoka Kilimanjaro, afisa uvuvi, au bwana samaki kama tulivyowaita sisi wazee. Alitema, kama mimi. Alirudi, kama mimi. Lakini hakurudi kwa ajili ya viwavi. Elida alikuwa akimsaidia mama yake pale mwaloni, boti zinakotia nanga, na soko zima lilijua Noel anachokitazama kabla yeye mwenyewe hajajua. Miezi ikapita, akatamka wazi kwamba anataka kuoa, na kwamba shangazi yake aliyemlea angekuja kuiona familia.

Hapo ndipo Marsiana alipoacha kuonja.

Sikuliona siku hiyo hiyo. Niliona tu kwamba sahani ilisogezwa kwa Shukrani, na Shukrani ndiye aliyetafuna badala yake. Nilimuuliza kulikoni. Akanijibu ni meno, Mzee, meno yananisumbua. Jioni ile ile nikamkuta kibarazani kwake anatafuna muwa kwa meno hayo hayo. Kuanzia siku hiyo nikawa natazama mikono yake kuliko uso.

Sikuwa peke yangu. Mwaloni watu wana macho. Wachuuzi wa dagaa walianza kunong'ona kwamba mpishi asiyekula chakula chake anajua alichotia humo. Mmoja akasema ni limbwata. Mjane ana binti mmoja, kijana ana mshahara na hana kwao hapa. Si ajabu mama mtu ameenda kutafuta dawa ng'ambo ya kumlainisha, na sasa vyungu vyote vimeingia dawa hiyo, hata tunavyolia sisi tusio na binti. Walicheka, lakini waliokuwa wakila sahani mbili mbili walianza kununua kwanga tupu. Shukrani aliuza kuliko mwenzake, na alionekana kuona aibu.

Dismasi aliyasikia hayo aliporudi safari. Hakucheka. Yeye ndiye angekaa mahali pa baba siku ya wageni, na nadhani lilimuuma kusikia nyumba ya rafiki yake inatajwa hivyo. Alinijia akaniuliza kama ni kweli shemeji haonji. Nikamwambia nilichokiona, pamoja na ule muwa.

Shangazi wa Noel aliitwa Sia. Alikuja kwa basi, akafikia nyumba ya wageni mjini, na siku ya pili bajaji ikamleta Ujiji mchana akiwa amevaa vizuri, uso umekunjwa kidogo kwa vumbi. Tulikaa uani kwa Marsiana, kwenye mkeka na viti vya kuazima. Marsiana alikuwa ametandika kila alichokuwa nacho: samaki wa migebuka wa kuchoma, sombe ya majani ya muhogo, ugali wa muhogo, na katikati sahani kubwa ya viwavi wanaong'aa kwa mawese. Kumwekea mgeni viwavi ilikuwa heshima kubwa kuliko kumchinjia kuku, lakini mgeni huyo angejuaje?

Sia aliitazama sahani kwa muda. Noel akaanza kumweleza kwa haraka, kama mtu anayejitetea. Shangazi akamkatiza.

"Mimi nimelelewa kwa kisusio," akasema. "Supu ya damu ya mbuzi. Waliniambia mtoto wa kike haogopi chakula. Sitashindwa na mdudu."

Tulicheka wote, na uani pakawa pepesi. Akachagua kiwavi mnene kwa vidole viwili. Angemtia mdomoni. Lakini akaangalia kulia na kushoto, kama mgeni mwenye adabu anavyoangalia, na akaona sisi wenyeji hatujanyoosha mkono. Tulikuwa tunamsubiri Marsiana. Marsiana alikuwa amekaa, mikono yote miwili ameificha ndani ya khanga.

"Shemeji, tangulia," Dismasi akamwambia taratibu.

"Shukrani ataonja."

Shukrani akainama mbele. Dismasi akaushika ukingo wa sahani.

"Shukrani hakupika."

Marsiana akaikaza khanga, mikono ikiwa bado ndani. Dismasi akaiachia sahani, akarudi nyuma, akaupangusa mkono wake kwenye suruali ingawa haukuwa umegusa chakula. Nimeona ugomvi mwingi katika maisha yangu, wa mapanga hata, lakini sijaona tendo lililokata kama ule mkono kupanguswa. Sia alimrudisha kiwavi kwenye sahani, polepole, akamlaza pale alipomtoa.

"Mama Elida," akasema, "nimesikia maneno tangu nishuke kwenye basi. Sikuyasikiliza. Sasa nayasikiliza."

 Elida alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na jagi la maji ya kunawa, na maji yalikuwa yakimwagika miguuni pake bila yeye kujua.

Marsiana alimtazama binti yake.   Kisha akautoa mkono kwenye khanga, akachota, si kiwavi mmoja, ni ukufi mzima, akaujaza mdomoni. Alitafuna huku machozi yakishuka, na hayakuwa machozi ya pilipili. Akameza. Akafungua mdomo, akamwonyesha Sia, akamwonyesha Dismasi, akanionyesha mimi. Yale maneno yake ya kuchekesha hakuyasema.

"Kuleni," akasema tu.

Sia akala. Akakohoa, akala tena, akasema viwavi wamezidishiwa mawese lakini chumvi iko sawa. Mazungumzo yakaenda vizuri, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa mwelewa, na kufikia alasiri ndoa ilikuwa imekubaliwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Marsiana alikuwa nyuma ya jiko, amejiinamia.

Shukrani ndiye aliyetuita pembeni, mimi na Dismasi. Alikuwa amekasirika.

"Mnajivunia mila zenu," akasema. "Mwanamke yule aliweka nadhiri kanisani, mimi nikiwa kando yake. Kitu anachokipenda kuliko vyote, viwavi wake, hatakigusa, mpaka Elida aolewe na apate mtoto salama, asizike kama alivyozika yeye. Na nadhiri haisemwi mpaka itimie. Baba Dismasi, umeingiza mkono wako mdomoni mwake, ukaitoa nadhiri hiyo."

 Dismasi alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mtu mzima yule, akaangalia viganja vyake. Mimi nilitaka kusema kwamba sheria ni sheria, kwamba Marsiana mwenyewe ndiye aliyetuzoesha kumsubiri. Badala yake nikarudi kwa wageni.

Arusi ilifanyika. Maneno ya limbwata yakafa kama yalivyoanza, bila mtu wa kuyakubali kuwa yake, na wateja wakarudi. Marsiana alirudia kuonja mbele ya kila mtu, lakini alitafuna kama anayemeza dawa. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mwenye kushuku. Elida akiumwa kichwa, ni ule ukufi. Elida akijikwaa, ni ule ukufi. Alimchunguza mkwewe, akachunguza maji ya kunywa, akauchunguza mwezi. Na Elida alipopata mimba na miguu ikaanza kuvimba, Marsiana aliacha kulala vizuri; nilimsikia kupitia ukuta akisali mapema kabla ya adhana.

Kisha Noel akahamishiwa Kagunga. Marsiana akasema hamwachi mtoto aende peke yake na tumbo. Akauza vyungu, akamwachia Shukrani sufuria kubwa, akafunga mizigo. Shukrani naye hakudumu pale bila mwenzake. Leo mahali pao pana jokofu la soda na kijana anayekaanga chipsi, na hajapata kuonja hata kipande kimoja mbele ya mteja. Hakuna anayemwomba.

Mara ya mwisho niliwaona hapo hapo Kibirizi, asubuhi, boti ya Kagunga ikiwa imejaa magunia ya unga. Noel alikuwa akimsaidia Elida kupanda, akimshika kama anayebeba mayai. Dismasi alikuja ingawa hakuwa na safari. Tangu siku ile ya wageni alikuwa akifika kwa Marsiana, akimletea magunia, akiyashusha mwenyewe, wakisalimiana kwa Kiha na kuachana.

Marsiana alitupa kila mmoja kifurushi cha majani ya mgomba, bado kina joto. Vilikuwa viwavi wake wa mwisho. Nilikipokea changu, nikakifungua, nikasubiri. Sikukusudia kumuudhi, mkono wangu haujui namna nyingine. Akanitazama, akairudisha mikono yote miwili ndani ya khanga, kama siku ile. Nikaelewa kwamba ameweka nadhiri tena, kwa ajili ya tumbo lile, na kwamba safari hii hata kama ulimwengu mzima ungemtilia shaka asingenyoosha mkono. Akageuka, akapanda boti, akakaa karibu na binti yake.

Dismasi alikuwa amekwisha kukifungua cha kwake. Hakumsubiri mtu. Alichota, akatia mdomoni, akatafuna kwa nguvu, akameza, kisha akasogea mpaka maji yakamfika kwenye viatu, akafungua mdomo wazi kuelekea botini. Baadaye akanigeukia mimi.

"Nimetangulia, Mzee. Nikianguka, kimbia."

Marsiana alicheka. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu kabla ya wageni. Alimgusa Elida bega, akamwonyesha Dismasi aliyesimama majini na mawese kidevuni, na Elida naye akacheka akiwa ameshika tumbo. Injini ikawaka, boti ikageuka kuelekea kaskazini. Nikala wa kwangu nikiwatazama, mama na mwana chini ya mwavuli mmoja, mpaka sikuweza tena kutofautisha yupi ni yupi.