Tani Tatu za Mlango wa Mwandiga

…na amekubali, jamani, amekubali kwenda kusema! Gervasi Telesphory, fundi rangi wa Mwandiga anayeandika uzito kwenye milango ya malori, kesho anasimama mahakamani kumtetea dereva.

Saa mbili asubuhi amechuchumaa mbele ya lori la mahindi ya kambi za wakimbizi, anaandika: TANI 7. Hatumii rula. Vumbi la barabara likija, anaikinga rangi mbichi kwa kofia yake.

"Zamani sikuwa naandika namba," anasema.

Kabla wakimbizi hawajaanza kuvuka kutoka Burundi, kisha Kongo, Gervasi, 52, alikuwa anaandika majina kwenye boti za wavuvi Kibirizi. "Mtu anakwambia, niandikie jina la mama, weka na ua. Naweka ua. Nilijua mama wa kila mvuvi. Sasa najua tani tu."

Siku hizi, milango tisa kati ya kumi anayoandika ni ya tajiri mmoja. Januari mwaka huu wa 1998 tajiri huyo alimletea lori lililoandikwa tani saba mlangoni, akataka liandikwe kumi, libebe mahindi mengi zaidi.

"Nikamuuliza, bosi, springi nazo zimeongezeka? Akacheka. Na mimi nikacheka. Nikaandika."

Mwezi wa tano lori hilo, lina tani kumi mgongoni, likakosa breki kwenye mteremko, likapinduka. Makuli wawili walivunjika miguu. Aliyeshtakiwa ni dereva, Sefu Omari wa Katubuka. Tajiri anasema gari lake ni la tani kumi tangu linunuliwe, kwa hiyo kosa ni mwendo wa Sefu. Kadi ya gari, anasema, imepotea. Kibati cha kiwandani kinachoonyesha uzito kimeng'olewa. Umebaki mlango.

Mwasiti, mke wa Sefu, leo amekuja kibandani kwa mara ya nne.

"Shikamoo, kaka Gervasi."

"Marahaba, shemeji. Umekuja tena kunikalia?"

"Nitakukalia mpaka uniandike na mimi tani zangu."

Gervasi anacheka, halafu anaweka brashi chini. "Nikisema, malori yote yanaondoka hapa. Na hakimu ataniuliza, wewe uliyeandika uongo je?"

"Atakuuliza. Sefu naye anaulizwa, na yeye hakushika brashi."

Rangi inachuruzika mkiani mwa saba, haifuti.

"Nitakuja," anasema.

Mafundi wengine hukwangua kwanza namba ya zamani. Gervasi hakwangui. Mzee aliyemfundisha Kibirizi alimkataza kukwangua jina la boti, maana huenda mwenye jina keshafariki. Unapaka juu yake, linabaki humo ndani. Amehamia kwenye malori na mkono wake uleule.

"Saba ipo," anasema taratibu. "Iko chini ya kumi, imelala. Nipewe kitambaa na tina kidogo tu ya kuyeyushia rangi."

Malori yakiondoka, anasema, atarudi Kibirizi. Boti bado zipo, na watu bado wana mama.

Mlango unaletwa mahakamani kesho saa tatu. Kabla jua la kesho halijazama, mimi mwandishi wenu nitakuwa nimeshawaambia kilichotoka chini ya rangi, na hakimu amemtazama nani.