Zimwi la Magamba Halikuitikia

"Taarifa ya Kiumbe Kisichotambulika, Njia ya Msituni." Hivyo ndivyo mtendaji wa kijiji alivyoliandika zimwi ambalo mama mmoja alikutana nalo kwenye ukungu wa msitu wa Magamba, akakimbia na kuacha tenga lake la mapeasi ya kuuza sokoni Soni.

"Umejuaje si mtu, mama?"

"Nimeliamkia shikamoo, kimya. Nikarudia, kimya! Mtu gani haitikii?"

"Lina pembe?"

"Ningengoja pembe, mtendaji? Mimi nataka mapeasi yangu."

Kwa kipimo hicho, nayajua mazimwi kadhaa yanayokalia viti vya serikali.

Zimwi lenyewe lilikuwa bwana misitu mgeni, amevaa hedifoni ndani ya kofia ya koti la mvua. Hakusikia salamu. Tenga aliliokota njiani, akalileta ofisini mwenyewe, akitafuna peasi.