Kilimia Hakikuenea

Tangu uniulize ununue darubini ipi ya kupigia picha za nyota, mwanangu, imenijia jioni moja ya Kharumwa ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuikumbuka. Keti tuzungumze bila haraka. Kamera yako hiyo ya DSLR haitakimbia.

Wakati huo studio yangu ya picha pale Nyasubi ilikuwa changa, nami nilijiona fundi kweli kweli. Baba yangu alikuwa mkulima Kharumwa, na presha ya macho ilikuwa inamla taratibu. Daktari alishatuambia kwamba kinachopotea hakirudi. Baba hakulalamika sana. Alichosikitikia ni Kilimia, kile kifungu cha nyota alichokitazama kila mwaka kabla ya kuandaa mbegu. Angani hakukiona tena, ila picha kubwa kwenye kompyuta, akiinamia karibu, bado aliiona. Nikamwahidi kwamba nitamletea Kilimia mpaka puani.

Nilikwenda kununua Mwanza. Muuzaji, kijana mpole, alinionyesha darubini fupi ya lenzi, ya kubeba kwapani, pamoja na stendi nzito yenye mota ya kuifuata nyota inavyosogea. Nilikaribia kumcheka. Sisi tuliokulia kwenye machimbo tumezoea kuamini duara refu, yaani shimo la mgodi lililozama sana, ndilo linalofika kwenye dhahabu, basi nami nikataka darubini yenye bomba refu kuliko zote dukani. Fedha zikaishia kwenye bomba, stendi nikachukua ya miguu myembamba. Tena kabla ya kumpelekea baba, nililisimamisha siku mbili mlangoni pa studio ili watu walishangae, na habari zikamfikia baba kabla yangu. Naona aibu kukuambia hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kule Kharumwa, Kilimia kilipochomoza baada ya chakula cha jioni, niliifunga kamera kwenye bomba, nalo likainama kwa uzito. Nikakaza skrubu, likatikisika kila nilipobonyeza kitufe. Na kwa urefu ule lilikuza mno, Kilimia hakikuenea. Kila picha ilikuwa na nyota mbili au tatu tu, nazo zimevutika kama nyuzi. Baba aliinamia kompyuta muda mrefu, akizitafuta nyingine. Kisha akasema zinapendeza, akaomba apelekwe ndani. Niliumia sana. Kesho yake mawingu ya mvua yakaziba anga.

Mwaka uliofuata nilirudi na ile fupi. Stendi ilikaa imara, mota ikazifuata nyota kimya kimya, na Kilimia chote kikaingia kwenye picha, kimezungukwa na ukungu wa buluu kama moshi wa jikoni alfajiri. Nilisimama pale uani nikihisi kama miguu yangu haigusi ardhi, nikalia kwa uzuri wake. Lakini macho ya baba yalikuwa yamezima tangu Pasaka. Nilimsafishia picha kwenye karatasi kubwa, akaiweka mapajani, akaniomba nimshike kidole nikiweke juu ya kila nyota. Nikafanya hivyo, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha.

"Ile ya kwanza uliwanunulia watu wa Nyasubi," akasema. "Hii ndiyo uliyoninunulia mimi."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda dukani uanzie kwenye stendi. Ipate nzito, yenye mota, iwezayo kubeba darubini na kamera yako bila kuyumba. Kwa fedha zitakazobaki, nunua darubini fupi yenye lenzi nzuri, inayoona eneo pana la anga, na usiwasikilize watakaokucheka kwa udogo wake. Na kabla hujalipa, mtaje moyoni mtu unayetaka kumwonyesha picha hizo, uchague kwa ajili yake, angali anaona.

Mungu akupe anga safi na mkono uliotulia, na umpendaye awahi kuona.