Mdogo Wangu Kwenye Kioo cha Duka

Kamera yetu mume wangu aliinunua kwa Mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akiuza vyombo vyake ili arudi kwao. Ilikuwa sanduku jeusi tu, lenye tundu la kioo mbele na kidirisha kidogo juu cha kuchungulia. Mume wangu alikuwa karani wa reli, akawa na hamu ya kupiga picha za treni. Alizipiga, zikatoka ukungu mtupu, akaikasirikia kamera na kuitupia juu ya kabati. Mimi ndiye niliyeishusha.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Majengo, karibu na msikiti, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Nilianza na vilivyokuwepo uani: kuku, mitungi, mama akichambua mchele alipokuja kunitembelea. Kile kidirisha kilinisumbua sana kwa sababu kilipindua mambo, kulia kukawa kushoto. Nilipotaka kumfuata mama, yeye ndani ya kioo alikimbilia upande wa pili, nami nikamfukuza hivyo hivyo mpaka nikamkata kichwa. Filamu ya kwanza yote ilikuwa ya watu wasio na vichwa.

Filamu zilisafishwa mjini, kwa fundi wa picha, Mhindi mtu mzima aliyezaliwa hapa hapa Moshi. Siku za Jumamosi nilikwenda naye mume wangu, nimevaa buibui langu, nikasimama nyuma. Fundi alizitandaza picha mezani, akatikisa kichwa, kisha akamwambia mume wangu, "Mwambie mkeo asimwelekeze mtu kwenye jua. Jua likae begani."

Mume wangu aligeuka akaniambia, "Jua likae begani," kana kwamba mimi nilikuwa kiziwi.

"Muulize, na kivulini je?"

"Anauliza, na kivulini je?"

Tuliendelea hivyo miezi mingi, mpaka siku moja fundi akachoka, akazungumza nami mwenyewe. Tangu hapo akaniita mama, na kila picha aliniambia ubaya wake bila kunificha.

Somo la kivuli nililipata kwa bibi yangu. Mama ni mtoto wa mlimani, alisilimu alipoolewa na baba, na bibi aliendelea kukaa Old Moshi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Tulipanda siku moja ya Idi kumpelekea sukari na kitenge. Nilimwamkia shikamoo, nikambembeleza atoke nje kwenye mwanga. Akakataa.

"Nipige hapa hapa kwenye ndizi zangu. Huko barabarani mimi nina nini?"

Nilimpiga hapo hapo. Picha ilitoka nyeusi kama chungu, na katikati yake kitu cheupe ambacho huenda kilikuwa kitambaa chake cha kichwa. Tulipompelekea aliigeuza juu chini, akasema, "Huyu ni mgomba," akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa na la kufanya. Kamera ile haikuona kwenye giza, na bibi hakuwa mtu wa kuhamishwa.

Polepole wanawake wa Majengo wakaanza kuja. Wengi waume zao walikuwa Mombasa au Nairobi, na wangependa kuwatumia picha, lakini kusimama mbele ya mwanamume wamevua buibui hawakuweza. Kwangu walisimama uani bila wasiwasi. Wa kwanza kabisa aliniuliza, "Na atakayeisafisha ni nani?" Nikamwambia ukweli, ni yule fundi wa mjini. Akafikiri, akasema, "Yule hanijui na simjui. Piga." Wenzake wakafuata neno lake.

Kisha akaolewa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akibeba kahawa kutoka Kibosho kwa ile njia ya mawe mpaka mjini, kijana mpole, mwenye haya hata ya kumwamkia baba. Fungate ilipokwisha, mdogo wangu akatolewa nje kwa wanawake, uani kwa baba. Walimkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Alikuwa na hina mpaka kwenye viwiko, kanga imefungwa kifuani, mabega wazi, kichwa wazi, na asumini kwenye nywele. Ilikuwa alasiri, ukuta ule ukimrudishia mwanga usoni taratibu. Somo wake, yule mama aliyemfunda, alikuwa amemwagiza atazame chini. Nilisogea, nikashikilia kamera tumboni, nikavuta pumzi.

"Mdogo wangu, niangalie."

Aliinua macho. Kuna mama mmoja nyuma yangu alisema neno la kuchekesha juu ya bwana harusi, na mdogo wangu akajizuia kucheka. Nilibonyeza wakati huo. Siku zote nilikuwa nikingoja fundi aniambie kama picha ni nzuri au mbaya. Siku ile nilijua mwenyewe, kabla filamu haijatoka kwenye sanduku.

Mume wangu aliipeleka filamu mjini akiwa njiani kwenda kazini Kahe, kwenye stesheni alikokuwa amehamishiwa kwa muda. Mimi nikabaki namngoja arudi ili twende kuzichukua. Kabla hajarudi, jirani yangu aliingia akitoka sokoni.

"Kwa fundi wa picha kuna bi harusi kwenye kioo, mwenzangu! Mkubwa hivi. Watu wamejaa pale kama kuna sinema."

"Amevaaje?"

Akanieleza. Kanga, hina, asumini, ukuta mweupe. Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti.

Nilikwenda kwanza kwa mdogo wangu, maana sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Alinisikiliza, akachukua buibui lake, akasema, "Twende."

Tulikuta wanaume wamesimama mbele ya duka: wapagazi wa kahawa, mtu mmoja wa reli, vijana wawili wenye vitabu. Alikuwa pale kwenye kioo kweli, mkubwa kuliko picha yoyote niliyowahi kuiona ya kwangu, ananitazama. Mmoja wa wapagazi alisema, "Huyu ni wa Pangani huyu. Moshi hakuna." Mwenzake akabisha kwamba ni wa Tanga. Na mwenyewe amesimama begani kwangu, ameonyesha macho tu. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Dada, ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Mbona hamkuniambia kama niko hivi?"

Kisha alinibana mkono kwa nguvu. "Iondoe. Dada, iondoe sasa hivi."

Niliingia dukani. Mle mlikuwa na wateja, wanaume wote, wakingoja zamu ya kukalishwa kwenye kiti cha picha. Hapo ndipo nilipoelewa nilivyofungwa. Nikisema kwa sauti itolewe picha ya mdogo wangu, wote watajua ni ya nani. Nikinyamaza, inabaki kwenye kioo. Nilisimama mbele ya meza nikichokonoa kucha zangu, mpaka fundi aliponiona. Uso wake ukang'aa.

"Mama! Umeiona? Miaka yote nimepiga picha hapa, sijapata kama ile. Kila anayeniuliza kama ni kazi yangu, namwambia hapana, ameipiga mwanamke wa Majengo."

"Umewaambia hivyo?"

"Wote! Sifa ni yako."

Niliinama mpaka karibu na sikio lake. "Bwana fundi, Majengo kuna mwanamke mwingine mwenye kamera?"

Nilimwona akielewa. Alikwenda mwenyewe kwenye kioo, akaitoa picha, akaigeuza uso ukaelekea kifuani kwake. Alinipa picha na ukanda wake wa filamu, hakutaka malipo, akasema mara mbili, "Nilitaka kukuheshimu, mama. Nilitaka kukuheshimu." Niliamini. Hata leo naamini.

Lakini madereva wanakula wote mahali pamoja, na asubuhi ile ile walikuwa wamekwisha kujua bi harusi ni nani na kumpongeza shemeji kwa mke mzuri. Jioni aliingia kwa baba. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia.

"Baba, mimi sina ugomvi na binti yako," alisema.

"Picha ameitundika yeye?"

"Hapana."

"Basi kosa lake lipi?"

"Sijasema ana kosa. Lakini kila lori nikilipita wananitajia mabega ya mke wangu. Mama yangu amekataa kula. Nitapita wapi?"

Sikuweza kujizuia. Nilisema kutoka nyuma ya pazia, "Shemeji, picha niliipiga mimi, tena ilikuwa ya wanawake peke yao."

"Najua, dada," alisema. "Najua yote. Hakuna hata mtu wa kugombana naye." Akatoka, na kutoka dirishani tulimwona amesimama kando ya lori lake anajifuta uso kwa mkono wa shati.

Baba alikwenda kwa wazee wa upande wao, akarudi. Imamu alikwenda, akarudi. Mume wangu aliporudi kutoka Kahe na kusikia, alikaa kitandani na kofia yake ya kazi magotini.

"Ningekuwepo," alisema.

"Ungefanya nini?"

Talaka ililetwa na mjomba wa shemeji, mzee wa watu, aliyeomba maji ya kunywa na hakuyanywa. Mdogo wangu alirudi kwenye chumba chetu cha utotoni. Wanawake wa mtaa hawakunisema vibaya, ila hawakuja tena kupiga picha, na waliokuwa wameniachia zao nyumbani walituma watu kuzichukua.

Baadaye alikuja mposaji wa Korogwe, aliyefiwa na mkewe, mtu mzima kuliko mume wangu. Mdogo wangu hakukataa wala hakukubali, alisema baba aangalie, na baba akakubali. Wiki moja kabla ya kuondoka kwake tulikuwa uani tunaosha vyombo, mimi na yeye tu, nami nikamuuliza kile nilichokuwa nikikiogopa muda wote. Nilimuuliza kama ana hasira na mimi.

"Nimkasirikie nani, dada?" alisema. "Fundi ameomba radhi. Yule bwana amelia. Baba unamwona alivyozeeka. Nikikukasirikia na wewe, nitabaki na nani?"

Akaendelea kusugua sufuria kwa majivu. Nilichukua kitambaa, nikawa nafuta kila alichonipa.