Siku Nilikimbiza Kasoko Nzima na Matela ku Kichwa

Bandugu, kama ni kunicheka, mungoje kwanza nimalize, juu hata mimi nikikumbuka ile siku ninafunikaka uso na kikwembe, na bado ninaishi hapahapa Butembo, upande wa Rughenda, fasi kila mama muuza sombe (majani ya muhogo) ananijua kuliko anavyomujua chefu wa kartie.

Yote ilianza na pumzi. Tangu nizae mutoto wa pili, Gloria, nilikuwa nikipanda mulima wa kwetu ninasimama kila hatua kama pikipiki iliyoishiwa mafuta, na Josué, mukubwa wangu anayesoma maternelle, masomo ya batoto badogo, siku moja aliniuliza mbele ya bageni kama mama eko na moteur ya zamani. Infirmière naye, tulipoenda kupima mutoto ku hospitali, akasema nifanye sport kidogo kila siku. Sport, saa gani? Baba Josué anashindaka Kasindi, kule ku mupaka, na mizigo ya batu, anarudi barabara ikikubali; mimi ni kufua, kupika, shamba, na jioni koro ya kanisa (ninaota siku moja nitaimba peke yangu mbele ya bakristo bila kukatika pumzi katikati ya Aleluya). Donc nikawaza, ya nini kupoteza wakati kwa kutafuta wakati? Niunganishe tu. Kila siku ninaendaka kutwaa Josué ku masomo, basi nitaenda mbio.

Na ile siku ya kwanza fundi wa kushona alikuwa ameniita nipitie kutwaa ka-matela ka Josué, kale kagodoro anakolalia, alikokashonea mufuko mupya. Nikasema sawa, kila kitu kwa safari moja. Gloria nikamufunga nguvu mugongoni, matela nikaweka ku kichwa na kuikamata na mukono moja, na mukono wa pili nikainua kikwembe kisinikwaze. Nikashuka mulima mbio, bila neno, meno nimeyakaza, juu nilikuwa ninalinda pumzi.

Ninyi ba hapa mumekwisha kujua. (Balio mbali niwaambie: kwetu mutu wa sport anajulikana. Banakimbiaka kikundi asubui, banavaa maillot, na zaidi ya yote banaimba, mumoja anaanzisha bengine banaitika, mpaka unaamka bila kupenda. Mais mama peke yake, kimya, mutoto mugongoni na matela ku kichwa? Huyo anakimbia vita.) Na mimi ni mutoto wa upande wa Beni, mama yangu alinibeba vilevile tukikimbia vita nikiwa mudogo, ningepashwa kujua mbele ya bote.

Nikapita ku kasoko. Mama mumoja akanitazama, kisha akatazama kule nilikotoka. Hakuniuliza kitu; nani anaulizaka? Akainua beseni yake. Halafu nikasikia nyuma yangu milango ya maduka inafungwa, pikipiki zinageuzwa, na nilipogeuza shingo (matela nayo ikageuka) nikaona batu banakuja mbio nyuma yangu, bengi kama mvua. Munajua nilifanya nini? Niliogopa. Nikasema ndani ya moyo, kumbe vita imefika kweli, na mimi niko katika sport. Nikaongeza mbio. Nao kuona nimeongeza, bakaongeza, na bengine bakanipita na pikipiki na kwa tunjia tufupi.

Nilipofika ku masomo, kiwanja kitupu. Maîtresse, mwalimu wa Josué, alikuwa ameshika viatu mukononi, akaniambia bazazi bameingia bote mara moja, kila mutu anabeba mutoto, na Josué hajui nani amemutwaa. Matela ikaanguka yenyewe. Nikaita jina la mutoto wangu kila kanjia, nikainama hata ku mitaro, Gloria analia mugongoni, na kila niliyemuuliza alinijibu akipita mbio.

Nilimukuta ku mulima wa kwetu. Mukaka Masika, nyanya mumoja muuza sombe ku kasoko, mwenye mguu wa kuuma asiyetembea bila fimbo, alikuwa amemubeba mugongoni, bila fimbo, anapanda anahema, na sombe yake yote imebaki ku kasoko chini ya miguu ya batu.

"Mama Josué," akasema, "niliona hautaweza babili. Sasa tukimbilie wapi?"

Batu nao balikuwa bameanza kusimama, juu hakuna aliyesikia hata risasi moja, na baba mumoja wa pikipiki akauliza nani aliona hao adui. Kila mutu akaonyesha aliyekuwa mbele yake, naye akaonyesha wa mbele yake, mpaka vidole vyote vikafika kwangu.

"Ilikuwa sport," nikasema polepole.

Ni Josué aliyesema, kutoka mugongo wa mukaka: "Mama, ulikuwa wa kwanza?"

Bengine bakacheka, bengine bakanitukana, na balikuwa na haki. Mukaka Masika akaketi ku jiwe, akacheka mpaka machozi, halafu nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimeisha. Nikapiga magoti, nikamukanda ule mguu.

"Mutoto wangu," akaniambia, "mutu wa kukimbia vita haimbake. Kesho ukitaka kukimbia, uimbe."

Tulirudi pamoja kuokota sombe, tukaiosha, ile iliyokanyagwa sana tukaila kwangu ile jioni, na matela Josué aliivuta mwenyewe mpaka nyumbani. Siku hizi ninakimbia tena, bila matela, na mutoto ninamuachia mukaka kwanza. Ninaanzisha wimbo juu ya mulima, yeye anaitika kutoka kwa meza yake, bamama ba kasoko banamufuata banacheka, na pumzi inanikatika palepale pa Aleluya.

Mais kukimbia kimya katika huu muji, hapana tena, nimeapa. Na kama siku moja mutaniona ninapita mbio bila kuimba, bandugu, musiniulize kitu. Mubebe batoto.